Okidi: makumbi ya nazi au mkaa?

Hili swali haliishi, kila mtu akitaka kubadilisha chungu cha okidi (ua ambalo mizizi yake hupandwa kwenye makumbi au mkaa badala ya udongo) lazima aulize ajaze kipi.

Kwa bei, ukiwa Tanga au Mombasa makumbi unaokota bure tu pale wanapofua nazi, ila usiyaweke hivohivo maana yana chumvi, katakata vipande vidogo uloweke siku kadhaa huku unabadilisha maji, mi nilipuuza hii mara moja ncha za mizizi zikaungua zote. Bara huko mkaa ndo rahisi kupata, chukua ule wa magogo, sio ule wa vumbi lililogandishwa kwa gundi.

Maji sasa. Makumbi yanashika unyevu, kwa wasahaulifu yanaokoa, ila kama wewe kila ukipita unamwagia basi mizizi itaoza. Mkaa unakauka haraka, masika hauna presha, kiangazi utamwagilia karibu kila siku.

Kudumu, mkaa umeshinda, hauozi. Makumbi baada ya miaka kama 2 yanalainika inabidi ubadilishe. Ila mkaa unakusanya chumvi za mbolea, usuuze kwa maji mengi mara kwa mara.

Barazani kwangu kuna upepo natumia makumbi, ya shangazi iko bafuni, kwake mkaa.