Tahadhari: Anayejiita fundi wa kulainisha bunduki za upepo Malindi anakata springi za watu

Ndugu zangu wa Malindi, Watamu, Mambrui na Lamu mnaomiliki bunduki za upepo kwa ajili ya kulenga shabaha, naandika kuwatahadharisha kuhusu mtu anayejiita fundi, ambaye kwa njia ya WhatsApp anauza kitu anachokiita "seti ya kulainisha", yaani springi mpya, bomba dogo la plastiki linalokaa ndani ya springi ili isipinde, na kikopo cha grisi nyeusi. Ukimwongezea pesa huja kukufungia mwenyewe. Nilimlipa shilingi 6,500 kwa M-Pesa, nikarudishiwa bunduki iliyokokeka kwa wepesi wa kushangaza, na wepesi huo ndio uliokuwa wizi wenyewe.

Bunduki yangu ni Diana ya kuvunja mtutu, yaani unaukunja mtutu chini kwenye bawaba yake ili kuikoki, ya risasi za milimita 5.5, na kibali chake ninacho. Kwa muda mrefu ilikuwa ikikwaruza kila nilipovuta mtutu chini, na katikati ya mvuto kulikuwa na mlio kama wa bawaba yenye kutu. Kabla ya kuitoa nyumbani niliupima mvuto wake kwa mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia samaki, nikaona kilo 15, na kwa bunduki ya watu wazima ya aina hii hilo ni jambo la kawaida. Iliporudi nilipima tena, mizani ikasoma kilo 9. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nililenga kopo la maziwa kwa hatua ishirini, mahali ambapo zamani risasi ilikuwa ikitoboa na kupita, na safari hii risasi iliacha kibonyeo tu ikaanguka chini.

Ili mwelewe alichokifanya, ni lazima mjue bunduki hizi zinavyofanya kazi. Unapouvunja mtutu, mkono wa chuma ulio chini yake huisukuma pistoni nyuma, pistoni huibana springi, mpaka ndoano ya kifyatulio iishike. Ukifyatua, springi huitupa pistoni mbele, nayo huishindilia hewa iliyomo kwenye silinda, na hewa hiyo ndiyo inayoisukuma risasi. Kwa hiyo uzito unaousikia mkononi una sehemu mbili: kubanwa kwa springi, ambako ndiko nguvu ya bunduki, na msuguano wa vyuma, ambao ni hasara tupu. Anayelainisha kwa haki hushughulika na msuguano, na baada ya kazi yake mizani hupungua kidogo tu, ila mvuto huwa mtulivu, usio na mikwaruzo. Huyu ameuacha msuguano ulivyo, akaipunguza springi.

Nilimpelekea rafiki yangu, fundi wa mashine za boti mwenye jiriwa ndefu, tukaifungua pamoja. Springi iliyokuwamo haikuwa mpya hata kidogo. Ilikuwa ile ile yangu ya zamani, niliitambua kwa doa la kutu lililoizunguka karibu na mwisho. Mwisho mmoja ulikuwa tambarare kama ulivyotoka kiwandani. Mwisho wa pili ulikuwa umekatwa kwa grainda, ncha yake imeachwa kali kama msumari, na chuma chake kimegeuka rangi ya samawati kwa kuungua, maana yake moto umeshaharibu ugumu wake na hapo ndipo itakapovunjikia. Tulipoilinganisha na springi ya bunduki ya rafiki mwingine ya aina hiyo hiyo, yangu ilipungua mizunguko minne. Lile bomba la plastiki, ambalo alisema limeagizwa kutoka Ujerumani, lilikuwa kipande cha bomba la maji. Tulipofuta grisi tukaona nusu ya maandishi meusi yanayopigwa kwenye mabomba hayo dukani.

Grisi nayo ni ya uongo. Alidai ni ya molibdenamu, yaani yenye unga wa madini unaopunguza msuguano, ambayo kweli ndiyo inayofaa kwa kazi hii. Grisi hiyo ukiisugua kati ya vidole na kuifuta, ngozi hubaki na mng'ao wa kijivu kama risasi ya penseli, na hautoki upesi kwa sabuni. Ya kwake ilitoka yote mara moja, ikabaki harufu ya gereji. Tena alikuwa ameipaka mbele ya pistoni, mahali ambapo hewa hushindiliwa ikapata joto kali, na mafuta yaliyopo huwaka. Ndiyo sababu risasi za mwanzo zilitoa kishindo na moshi, nami nilipomuuliza akaniambia, "Kaka, huo moshi ndio nguvu yenyewe." Si nguvu, ni mlipuko unaounguza sili ya pistoni, ile inayozuia hewa kuvuja, na kuichosha springi kabla ya wakati wake.

Lililonitia hofu zaidi ya yote ni ndoano ya kifyatulio, ambayo aliipiga tupa ili kifyatulio kiwe chepesi. Ndoano iliyolika ikiteleza wakati mtutu uko wazi, mtutu hurudi juu kwa nguvu zote za springi, na kidole kinachoweka risasi ndicho kilicho njiani. Mimi nina mtoto wa miaka kumi na minne ambaye hunisaidia kupakia. Kila nikikumbuka hilo, mwili hunisisimka.

Nasema haya pia kwa sababu wengi wetu hatuhitaji seti yoyote. Hapa pwani hewa ya chumvi huanza kula kwenye pini ya bawaba ya mtutu na kwenye mkono wa kukokia, na mara nyingi mkwaruzo wote hutoka hapo. Kusafisha kwa kitambaa na kupaka grisi ya molibdenamu kidogo kwenye pini na kwenye mkono kunatosha. Ikiwa mkwaruzo uko ndani, kazi halisi ni kusawazisha miisho ya springi kwa msasa laini, kuondoa makali kwenye kingo za mfereji unamopita mkono wa kukokia, na kupaka grisi nyembamba ubavuni mwa pistoni. Msijaribu kufungua bila jiriwa, kwani springi huwa imebanwa hata bunduki isipokokiwa, na inaweza kukurukia usoni.

Mtu huyu hubadilisha majina, na jina linalotokea kwenye M-Pesa silo analojitambulisha nalo. Springi ya zamani hakurudishii, husema ni chuma chakavu, na nilipomdai pesa zangu alinifungia mawasiliano. Namba yake siiweki hapa. Nimeipeleka polisi pamoja na risiti. Sasa ametangaza kwamba anakwenda Lamu kuchukua kazi. Ikiwa bunduki yako imeshapita mikononi mwake, usiikoki tena na usimpe mtoto aishike mpaka ifunguliwe na fundi mwenye kibali, aikague ndoano kwanza, kisha ahesabu mizunguko ya springi.