NAS iliyogoma kuwaka, fundi wa Kariakoo kaifufua kwa risista moja

Jamani kama una NAS ya nyumbani, lile boksi la diski la kutunzia mafaili kwenye mtandao wa nyumbani, imekufa ghafla usiitupe, soma kwanza. Yangu ya diski nne niliinunua 2016, ndani kuna picha zote za marehemu mama na za watoto tangu wanazaliwa. Jumapili umeme ukakatika, uliporudi taa ya bluu ikawa inapepesa tu, feni zinazunguka lakini ule mlio wa pii haulii na kwenye mtandao haionekani, nikachomoa nikachomeka weee wapi.

Duka la kwanza waliiangalia dakika tano wakasema madabodi imekufa nunua nyingine, na diski itabidi zifomatiwe. Niliondoka miguu haina nguvu.

Ndo nikaelekezwa kwa fundi mmoja Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Huyu kaka kabla hata ya kutaja bei alichomoa diski zote akaziandika namba kwa makapeni, 1 mpaka 4, akazitia kwenye mfuko akanikabidhi, "hizi kaa nazo mwenyewe dada, ugonjwa hauko humu." Kwa hilo tu nampa nyota tano. Akapima adapta, volti 12 zipo. Akabadilisha ile betri ndogo ya duara kwenye madabodi, CR2032, akachomoa ramu akaisugua miguu kwa raba akairudisha, bado. Akaangalia aina ya prosesa, akatafuta kwenye simu akanionyesha kwamba ni ya familia ambayo mtengenezaji mwenyewe alikiri 2017 kuwa saketi inayotoa mapigo ya saa, yale mapigo ya umeme yanayoongoza mwendo wa mashine, inachoka kadiri miaka inavyoenda, mashine inapiga kazi vizuri tu halafu siku ukiizima haiamki tena. Kumbe yangu ilikuwa inaumwa siku nyingi, kukatika umeme kumeifichua tu.

Dawa yake ni risista ya omu 100, kile kidude cha kupunguza umeme, kitu kama punje ya mchele. Mguu mmoja kauchomelea kwenye pini ya hayo mapigo, wa pili kwenye volti 3.3, ili mapigo yaliyodhoofika yapate wa kuyanyanyua. Moshi wa solda ukapanda, akapuliza, akawasha bila diski. Kimya kama dakika mbili hivi. Pii! Nililia palepale, akanisogezea kiti.

Tukarudisha diski kwa namba zake, mafaili yote yapo. Bei elfu 40. Kasoro ni kwamba hana risiti wala garantii ya maandishi, na foleni yake utakaa masaa matatu kwenye stuli, nendeni asubuhi.

Kaniambia wazi hiyo risista ni mkongojo, prosesa haijapona, na diski nne kwenye boksi moja sio bakapu. Nimetoka pale nikapitia diski ya nje ya tera 4, sasa hivi naandika huku inanakili, imefika asilimia 61, folda ya mama ndo nimeitanguliza.