Safari ya mashua Ngomeni: majukwaa kwa mbali, nyota za nyutroni kwa karibu

Jumamosi iliyopita niliwapeleka wanafunzi sita wa kidato cha tatu katika safari ya jioni inayoendeshwa na kijana mmoja wa Malindi, ambaye kwa shilingi 1,500 kila mtu huwachukua wageni kwa mashua kutoka Ngomeni, akawaonyesha San Marco na Santa Rita, majukwaa ya baharini ya kurushia roketi, kisha akawaeleza yaliyorushwa pale na yaliyogunduliwa baadaye. Anayekwenda kwa ajili ya majukwaa peke yake atavunjika moyo, kwa kuwa mashua haiyakaribii na roketi ya mwisho iliruka mwaka 1988. Kinacholipiwa hapa ni maelezo.

Kasoro ya kwanza ni saa. Tuliitwa saa kumi, tukaikuta mashua imelala ubavu kwenye matope ya mikoko, maji yamekupwa, tukangoja hadi magharibi. Mwana wa pwani hana udhuru wa kutojua maji yanajaa lini.

Giza lilipoingia nililegeza hasira. Kijana alieleza vizuri kwa nini setilaiti ya Marekani ililetwa kurushwa hapa na Waitaliano tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru: eksirei za angani humezwa na hewa kabla ya kutufikia, hivyo chombo hakina budi kupanda juu ya hewa, na mzingo unaofuata ikweta hukiepusha na sehemu yenye mionzi mikali ambayo ingevuruga vipimo. Kisha akafunga kurunzi kwenye kamba, akaizungusha taratibu, na kumwambia mwanafunzi mmoja ahesabu muda kwa simu kila mwanga ulipompiga usoni. Nyota ya nyutroni iitwayo Cen X-3, mojawapo ya vyanzo vya eksirei, alisema, hupiga hivyo kila baada ya sekunde 4.8. Nahodha akaichukua kurunzi na kuzunguka nayo mlingoti, ikawa inapotea nyuma ya tanga na kutokea tena, kama Cen X-3 inavyofichwa na nyota kubwa kwa takriban nusu siku katika kila mzunguko wa siku 2.1. Mapigo yake huwahi kidogo inapotujia na kuchelewa inapotuacha, na mambo hayo mawili kwa pamoja ndiyo yaliyothibitisha kwamba ni nyota mbili zinazozungukana. Nimefundisha fizikia miaka mingi bila kuwahi kulieleza hili kwa wepesi kiasi hicho.

Mwanafunzi mmoja akauliza, “Mjomba, kama nyota ya nyutroni ni mabaki ya nyota iliyokufa, nguvu inatoa wapi?” Akajibiwa, “Inakula cha jirani, mwanangu.” Jibu hilo ni sahihi kuliko linavyosikika, kwa sababu gesi ya nyota kubwa huangukia gimba lenye upana wa kilomita ishirini na kitu tu lakini lenye uzito kuliko Jua, sumaku yake huielekeza kwenye ncha mbili, na joto hufika mamilioni ya digrii. Kilo moja ya gesi inayoanguka hivyo hutoa nishati nyingi mno kuliko kilo ya haidrojeni inayoungua ndani ya Jua.

Alikosea aliposema Uhuru “ilipiga picha” za nyota hizi. Haikupiga picha yoyote. Ilijizungusha polepole huku vihesabio vyake vilivyojazwa gesi vikihesabu eksirei kila chanzo kilipopita mbele yake, na orodha yake ya mwisho ilifikia vyanzo 339. Her X-1, nyota nyingine ya nyutroni inayopiga kila sekunde 1.24, hakuitaja kabisa.

Kubwa zaidi ni kwamba tulikuwa karibu na antena za Ngomeni naye akazipita kimya, ilhali ndizo zinazopokea data za darubini mbili za eksirei zilizo angani, NuSTAR, iliyorushwa mwaka 2012, na IXPE ya mwaka 2021. IXPE ilipoipima Her X-1 ilikuta mitetemo ya mawimbi ya eksirei zake imeelekea upande mmoja kwa kiwango cha chini mno kuliko nadharia zilivyotabiri. Mgeni aliyelipa 1,500 anastahili kuambiwa kwamba kazi hiyo bado inapita hapa.

Nimemwandikia ujumbe kuhusu neno “picha”, naye amejibu kwa adabu, “Nimekuelewa, Mwalimu, nitalirekebisha.” Kuhusu nafuu ya bei kwa wanafunzi hajasema lolote.