TAHADHARI: Muuza rangi za magari "za kiwandani" pale Ilala ni tapeli

Wakuu, nina hasira hadi mikono inatetemeka, mtanisamehe nikirukaruka. Gari langu Toyota Grande mnalijua, na mlango wake wa kushoto ulihitaji kupigwa rangi upya. Leo namsema mtu mmoja tu, muuza rangi za magari mitaa ya vipuri Ilala, aliyeniingiza mjini mimi niliyezaliwa mjini.

Na msiseme sikujiandaa. Namba ya rangi niliinakili kwenye kile kibati cha ukutani nyuma ya injini, palipoandikwa COLOR: 062. Hiyo ni nyeupe ya lulu, siyo 040, nyeupe kavu isiyometa. Nikafungua na kile kimlango cha kujazia mafuta nikaenda nacho mkononi, maana gari la 2001 jua limeshalila, na namba inakupa rangi ilivyotoka kiwandani, siyo ilivyo leo. Nani kati yenu huwa anafanya yote hayo?

Nikamkuta mzee wa makamo, miwani shingoni, koti jeupe la maabara. Nikaanza kwa kuulizia lile kopo la bei rahisi la rafu ya chini. Akanikatalia! "Hiyo usichukue, tajiri, hiyo ya wahuni, utakuja kunilaumu." Jamani, muuzaji anakataa hela yako, utamshuku vipi? Akafungua kompyuta, akaandika 062, ikaja orodha ya rangi za kuchanganya na gramu zake, akanigeuzia kioo nione. Akapokea kimlango changu kwa mikono miwili, akakifuta kwa kitambaa, akakizungusha kwenye mwanga, akasema, "Hii imekuwa krimu kidogo, tutaongeza njano tone moja." Tone moja! Mtu anayejua kwamba lulu ya zamani inageuka krimu, mimi nimkatalie nini?

Akamwita kijana, akampa karatasi. Kijana akaingia nyuma ya pazia. Tukapiga soga, akaniuliza Grande inakula mafuta kiasi gani, akanisifia injini, soda ikaletwa. Kijana akarudi na kopo limefungwa, lebo ya Kijapani, 062 imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na kikadi kilichopigwa rangi. Mzee akakilaza kikadi juu ya kimlango, pale pale mezani chini ya taa ya tyubu. "Ona, mapacha hawa." Na kweli walikuwa mapacha, naapa. Nikalipa 240,000 kwa seti nzima, rangi, klia (ile angavu ya kupiga juu) na hadina yake, dawa ya kuikaza. Nikamshukuru mpaka nikamuombea kwa Mungu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Fundi wangu wa Mwananyamala alipofungua kopo akauliza, "Bosi, lulu iko wapi?" Nikamwambia imo humo humo, mtaalamu kaichanganya kwa kompyuta. Akanitazama, akapiga rangi.

Jioni, ndani ya karakana, mlango ulionekana safi kabisa. Asubuhi gari likatolewa juani: mlango mweupe kama jino la bandia kwenye kinywa cha mzee. Hakuna kumeta, hakuna krimu, hakuna chochote. Shemeji yenu alikuja kulichukua, akauliza kama mlango tumeazima. Mpaka leo watoto wa mtaani wananiita "Mlango".

Haikuishia hapo. Tuliuacha ukauke siku za kutosha, fundi akachovya pamba kwenye thina akasugua kona ya chini. Klia ya 2K, yaani ile ya kuchanganywa na hadina, ikishakauka haitoki kwa thina. Hii ilitoka, ikanata kwenye pamba, na weupe ukafuata nyuma yake. Yaani aliyoniuzia ni NC, rangi inayokauka bila hadina na kuyeyuka tena kwa thina, ukoo mmoja na ile ya mafundi makabati, ndani ya kopo la jina kubwa.

Nikarudi. Miwani ile ile, koti lile lile, ila mimi sasa hanijui. Mara fundi wako hajui kupiga. Mara lulu "inakomaa" baada ya mwezi. Mara jua la Dar limekula gari lako, siyo kosa langu. Ni kweli jua limelila, ndiyo maana nilikupelekea kimlango, mwizi mkubwa wewe! Nilipopandisha sauti akasema ana mwanasheria. Simu zangu hapokei tena. Jina la duka siliandiki hapa kwa sababu hiyo hiyo, lakini mnaonunua kule mtamjua kwa koti.

Mtu huyu anastahili kufungiwa. Tume ya Ushindani wanaoshughulika na bidhaa bandia wafike pale wafungue kila kopo, TBS waje, Wakala wa Vipimo nao waje wapime hiyo lita yake, maana fundi anaapa haikujaa. Koti avuliwe hadharani.

Mnaotaka kujua angegundulikaje, nasema haraka maana kichwa kinauma. Rangi ya 062 ni tabaka tatu, nyeupe ya chini, lulu, halafu klia, kwa hiyo kabla ya klia unatakiwa kupewa makopo mawili. Ukipewa moja na kuambiwa lulu imo ndani, ondoka. Kuchanganya kufanyike mbele yako, uone mzani, siyo nyuma ya pazia. Kikadi kipigwe rangi kutoka kwenye kopo lako, na klia juu yake, ukipeleke juani; chini ya tyubu 040 na 062 zinafanana. Na risiti, mimi nilipewa ya mkono, eti mashine ya EFD ina hitilafu. Ilikuwa na hitilafu pia niliporudi!

Fundi anasema mlango uvuliwe rangi mpaka bati, uanze upya, na lulu ififishwe kidogo kidogo mpaka kwenye mlango wa nyuma na fenda ili tofauti isionekane. Hiyo ni hela nyingine, na ningependa itoke kwenye lile koti. Aliyepigwa na huyu mzee anitumie ujumbe binafsi, aje na kopo na risiti hata ya mkono. Jumatatu naenda kushtaki, siendi peke yangu.