Nimelipia ukaguzi wa Honda yangu ya zamani, nikaachiwa alama ya chai kwenye tangi

Nina hasira hii tangu baridi ilipoanza, leo naitoa.

Pikipiki yenyewe ni Honda CB750. Niliinunua hapa Birmingham kwa mama mmoja mjane. Marehemu mumewe alikuwa akisema ni ya 1969, tena ni katika zile za majaribio zilizoundwa kwa mkono kabla kiwanda hakijaanza kutoa za kuuza. Wapenzi wa pikipiki wanajua uzito wa maneno hayo: mwaka 2018 moja ya hizo iliuzwa mnadani Uingereza kwa pauni 161,000. Bei kama hiyo huwavuta waghushi, na mimi sikutaka kujidanganya. Nikatafuta kampuni ya ukaguzi, nikalipa kabla ya kazi.

Bwana aliyekuja alikuwa na chai ya kikombe cha karatasi. Akakiweka juu ya tangi. Juu ya tangi, jamani! Chai inachuruzika kwenye rangi ya zaidi ya miaka hamsini. Nilikiondoa mwenyewe, nikafuta kwa mkono wa shati, lakini duara halijatoka mpaka leo. Hata pole hakusema. Alisema tu, "Kila mtu anadhani anayo."

Akamulika shingo ya fremu kwa tochi ya simu bila hata kupangusa vumbi, picha tatu, akaondoka. Hakuinama kuitazama injini. Karatasi za marehemu nilikuwa nimezipanga mezani tangu asubuhi, hakuzigusa. Ripoti ikaja mistari minne: ni ya kawaida, ya miaka ya sabini.

Nikampelekea yule mama majibu, maana nilimwahidi. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe alinidanganya miaka yote."

Wiki chache baadaye akanitembelea mzee wangu mmoja wa Tanga, fundi wa siku nyingi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku kiganja kikiwa tayari kwenye ganda la injini. "Papasa hapa, mwanangu." Linakwaruza kama ukuta usiopigwa lipu. Pikipiki 7,414 za mwanzo ndizo zenye maganda hayo. Watu huyaita ya mchanga, kana kwamba yalimiminwa kwenye kalibu za mchanga, ingawa kalibu zilikuwa za chuma. Za baadaye ni laini. Tukapangusa shingo ya fremu, tukasoma namba: haijafika hata elfu moja ya mwanzo. Hiyo ni ya 1969, si ya sabini!

Sasa niseme haki. Mzee naye alitikisa kichwa kuhusu majaribio, kwa sababu namba hiyo ni ya mfululizo wa kiwandani kama wenzake. Kwa hiyo kwenye swali nililowalipia, kampuni ilijibu sawa, na nilikuwa tayari kuwasamehe. Lakini hapana. Walijibu bila kutazama, mwaka wakaukosea kabisa, na kwa mistari minne wakamfanya marehemu mwongo mbele ya mkewe. Pesa yangu naidai yote.

Jumapili nilirudi kwa yule mama na picha ya namba. Nikamweleza kwamba mumewe alizidisha kidogo, ila mwaka aliujua. Akaishika ile picha muda mrefu, hakunirudishia. Kampuni haijajibu barua zangu mbili.