Rabi wa Chagall: anza na nguo, uso baadaye

Haya, karibuni tena. Leo mezani nina chapa ya “Myahudi Anayesali” ya mchoraji Marc Chagall. Mchoro wenyewe uko kwenye makumbusho ya Art Institute of Chicago: rangi ya mafuta kwenye turubai, urefu sm 116.8, upana 89.4. Ni wa 1923, Chagall akirudia kazi yake ya 1914 aliyoichorea Vitebsk, mji aliozaliwa. Wengi huuita “Rabi wa Vitebsk”. Rabi gani? Aliyeketi pale ni ombaomba aliyelipwa, akavishwa nguo za sala za baba wa mchoraji.

Ndiyo maana nasema anza na nguo. Huo mtandio ni taliti, shuka la sala la Wayahudi. Shika mstari mmoja mweusi begani, ushuke nao kwa kidole. Ukifika kwenye mkunjo unakatika, unageuka pembe. Sasa tazama nyuma ya mzee: pembe zilezile, nyeusi kwa nyeupe, bila dirisha wala kiti cha kukuambia ni chumba gani. Ukuta umeshonwa kwa kitambaa kilekile.

Halafu kisanduku kwenye paji la uso. Hiyo ni tefilini, ya ngozi, ndani yake maandiko; ipo na mwenzake wa mkononi, ambao mkanda wake huzungushwa mkono. Sabato haivaliwi, kwa hiyo hii ni sala ya siku ya kazi. Watu hukimbilia kusema “Kubismu ya Paris”, ule mtindo wa kuchora vitu kwa pembe na michemraba, na kweli pua na macho vimepindishwa kidogo. Lakini mchemraba huu Chagall aliukuta kwao, kwenye kichwa cha kila mwenye kusali.

Tuje kwenye chapa. Ugonjwa wake ni weusi. Mashine ikimwaga wino mwingi, mstari wa nguo na kiza cha nyuma vinashikana, bega linapotea, na uso unabaki unaelea kama kinyago. Kabla ya kulipia, omba wakuchapishie kipande cha bega tu, kikague karibu na dirisha. Karatasi isiyong'aa ni bora. Ya kung'aa itakuonyesha sura yako mwenyewe.

Na saizi: sm 50 kwa 70 itakula kama sm tatu na nusu za upana, na hapo pembe za nyuma ndizo zinazokatwa. Chukua 60 kwa 80. Inakata sentimita moja na kidogo tu. Ukiwa na fremu ya 50 kwa 70 tayari, waambie waache ukingo mweupe juu na chini.