Taa za gari: usiulize mwanga, uliza mstari

Mwezi wa nne nilinunua globu za LED za Toyota IST yangu, Kariakoo, shilingi 85,000. Muuzaji alizichomeka kwenye betri pale pale mezani, duka zima likawa jeupe, nami nikatoa hela kama niliyerogwa. Wiki hiyo hiyo tukasafiri usiku kwenda Korogwe. Kutoka Chalinze hadi Segera sikumbuki lori lililopishana nami bila kunipiga fulu. Nikawatukana mmoja mmoja. Kisha wifi, aliyekuwa gari la mbele na kaka, akanipigia simu: "Wewe, zima fulu, humu ndani tunaona kama mchana." Nilikuwa kwenye dimu, taa za chini.

Tulipofika niliegesha gari likitazama ukuta wa nyumba ya mama. Taa ya IST ikiwa na globu yake ya kawaida huchora mstari ukutani: chini kweupe, juu giza, na upande wa kushoto mstari unapanda kidogo ili umulike ukingo wa barabara na waenda kwa miguu. Zangu hazikuchora kitu. Mwanga ulimwagika ukuta mzima mpaka kwenye kenchi za paa. Mama akatoka na khanga begani kuuliza nani amekuja na lori.

Kwa hiyo humu hutasoma globu ipi inadumu zaidi wala ipi inapendeza. Hayo utaambiwa dukani hata usipouliza. Mimi nazipanga kwa kufuata mstari tu.

Globu ya H4, aina ya kwenye IST yangu, ina nyuzi mbili, wa fulu na wa dimu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati ambacho watu wengi hawajawahi kukitazama. Kazi yake ni kuzuia mwanga usifike nusu ya chini ya reflekta, lile bakuli linalong'aa nyuma ya globu, kwa sababu nusu hiyo ndiyo ingeurusha juu, machoni mwa anayekuja. Reflekta yenyewe imepindwa kiwandani kwa kuamini kwamba uzi uko mahali pake kamili. Globu ya LED ya kuchomeka haina uzi. Ina vipande bapa vya taa, kimoja kila ubavu, na kikombe cha kuigiza. Kikisogea milimita moja au mbili, reflekta haijui tena mwanga inaupeleka wapi. Mbele ya gari wewe unaona kweupe, unafurahi, kumbe sehemu kubwa ya huo weupe iko juu, kwenye miti na kwenye nyuso za watu.

Namba moja kwangu ni halojeni, yaani globu ya kawaida ya uzi, na iwe Koito. Chekeni. Ni 60/55 ya kawaida, yaani wati 60 za fulu na 55 za dimu, dimu yake ni kama lumeni 1,000 tu (lumeni ni kipimo cha mwanga), na rangi yake ni ya manjano kama kibatari. Lakini Koito ni Wajapani wanaotengeneza taa zenyewe, wako kwenye kazi hii tangu 1915, na ukichungulia kona ya kioo cha taa ya gari lako huenda ukakuta jina lao, au la Wajapani wenzao, Stanley au Ichikoh. Nilipoirudisha Koito kwenye IST, mstari ulirudi siku hiyo hiyo. Hawanilipi, wala hawanijui. Ukiikosa chukua Osram au Philips, ila isiwe ile iliyopakwa buluu, maana ile rangi inachuja mwanga, yaani unaongeza hela upunguziwe.

"Lakini halojeni haioni!" Mara nyingi kisichoona ni kioo cha taa kilichopauka kwa jua. Kioo cha namna hiyo kinazuia mwanga wako na wakati huo huo kinautawanya kwa wengine. Msasa wa maji, polishi, na dawa ya kukinga jua juu yake, maana bila hiyo kitapauka tena upesi. Kisha mwambie fundi umeme apime volti kwenye soketi ya taa. Kwa halojeni, volti ikipungua asilimia 5 mwanga unapungua karibu asilimia 16, na soketi za magari yetu ya mtumba zimechoka.

Namba mbili ni zenoni, globu ya gesi isiyo na uzi, kwa gari lililotoka nayo kiwandani tu. Inakula wati 35 na kutoa lumeni kama 3,200, na ikiwa nyuma ya lensi, lile jicho la duara ndani ya taa, mstari wake umenyooka kama wa rula. Hapa wengi wanaingizwa mjini kwa herufi moja. D2S ni ya taa yenye lensi, globu yake ni safi. D2R ni ya reflekta, na kioo chake kimepakwa rangi ya kuziba sehemu ya mwanga. Ukiambiwa "zote ni D2, dada", ukafungiwa S kwenye taa ya R, umerudi kule kule kwa wifi yangu. Na D4, zenoni ya aina nyingine, si D2: D4 inafanya kazi kwa volti 42, D2 kwa 85. Umeme wa kuiwasha unazidi volti 20,000, kwa hiyo kijana anayeosha gari asiifungue.

LED ya kiwandani ni nzuri, sibishi. Lexus LS 600h ya 2007 ndiyo gari la kwanza kutoka na dimu ya LED, na taa zake walitengeneza, nadhani mmeshajua, Koito. Naiweka ya tatu kwa sababu ikifa kwa kawaida unanunua taa nzima. Ukienda kuitafuta ya mtumba, hakikisha imetoka kwenye gari la usukani wa kulia. Taa ya Ulaya bara mstari wake unapanda kulia, na huku kwetu kulia ndiko anakotokea mwenzako.

LED ya kuchomeka ni ya mwisho. Mwaka 2020 Ujerumani waliiruhusu ya Osram, kwa orodha ya magari yaliyopimwa moja moja, na IST haimo. Zenoni ya kufunga kwenye taa ya H4, hapana. Globu za 100/90, hapana, zinayeyusha soketi.

Sasa wauzaji. Boksi langu liliandikwa lumeni 20,000. Hizo ni zenoni sita na ushee ndani ya kitu kinachoenea kiganjani, na hakuna aliyeona aibu kulichapa. Nilipouliza ilipo alama ya E ndani ya duara, inayoonyesha globu imepimwa na kuidhinishwa, E1 ya Ujerumani au E43 ya Japani, nikajibiwa, "Dada, hizi ndizo wanafunga kwenye V8." Nilipokwenda na kaka, H4 ile ile kwenye duka lile lile ilishuka elfu nane kabla hajafungua mdomo. Na Koito za boksi jipya hawaziweki mbele, ziko rafu ya nyuma, kwa sababu haziwaki vizuri kwenye betri ya mezani.

Ukishafunga chochote, pima mwenyewe. Tairi ziwe na upepo, mtu akae kwenye kiti cha dereva, gari lisimame mita 5 kutoka ukutani mahali tambarare. Bandika selotepu ukutani kwa kimo cha katikati ya taa. Mstari wa dimu ukae kama sentimita 5 chini ya selotepu. Ukiwa juu, kuna skrubu nyuma ya taa, na magari mengi yana kitufe cha kuzungusha kwenye dashibodi. Na ninyi mliofunga spesa mbele ili gari lisiguse matuta, pua ya gari ilipopanda, taa zilipanda nayo. Rudini ukutani.

Globu zangu nilizirudisha. Hela muuzaji hakunirudishia, akanipa mazulia ya gari. Ni ya Toyota Noah. Nimeyakata kwa mkasi wa jikoni, la dereva limekaa vizuri, la abiria bado linajikunja.